Mali Ikivushwa Horohoro: Namna ya Kuisukuma Kesi Kutoka Tanga Hadi kwa Polisi wa Kenya

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kama kilomita 65 za lami. Aliyeondoka na gari lako Raskazone saa nne usiku anaweza kuwa ameshafika Lungalunga wakati wewe bado unawauliza majirani kama wameliona. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakisema polisi wetu hawana mkono ng'ambo. Ni kweli hawana. Askari wa Tanga hawezi kumkamata mtu Kwale, kama ambavyo wa Kwale hawezi kumkamata mtu Mkinga. Lakini ipo njia rasmi ya kesi kuvuka, kupitia Interpol, shirika linalounganisha polisi wa nchi mbalimbali, na majeshi ya polisi huitumia kila siku. Kinachoiziba mara nyingi ni jalada lililoondoka Tanga likiwa na namba ya chasisi yenye kosa, au ombi la kumkamata mtu lisilo na hati ya mahakama.

Haya yanamhusu aliyeibiwa gari, pikipiki au mashine ya boti, na anayetafuta haki kwa mtu aliyekimbilia upande wa pili. Kwa Namanga au Holili utaratibu ni uleule.

Saa ya kwanza

Nenda kituo kilicho karibu nawe, kiwe Chumbageni, Mabawa au kingine chochote. Kama kufika kutachukua muda, piga 112. Kwanza sema mambo manne tu: aina na rangi ya gari, namba za usajili, mahali na saa lilipoonekana mara ya mwisho, na alama moja inayoonekana kwa mbali, kama taa ya nyuma iliyovunjika au bampa lililofungwa waya. Hayo ndiyo yanayoweza kusomwa kwenye redio kwenda Horohoro na kwenye vizuizi vya barabarani. Habari za nani unamshuku zina wakati wake. Kisha omba waziwazi: "Afande, naomba taarifa ipelekwe Horohoro sasa hivi." Usidhani itakwenda yenyewe kwa sababu tu umeshaandikisha.

Taja pia njia za panya unazozijua. Mwizi mwenye akili hapiti mbele ya forodha. Anakwenda kwa Jasini na Moa upande wa pwani, au anaingia bara kuelekea Mwakijembe na bonde la Umba. Pikipiki hupita huko bila shida hata masika. Gari dogo likipita huko wakati wa mvua huenda likakwama, na taarifa iliyofika mapema kwa askari wa Mkinga inaweza kulikuta porini.

Chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Haiuzwi. Andika namba yake, tarehe na jina la askari aliyekupokea. Wapo wanaokwenda mtandaoni wakajaza ripoti ya upotevu wakidhani wamemaliza. Ripoti ile ni ya aliyepoteza kitambulisho, cheti au laini ya simu. Haifungui jalada la jinai, na bila jalada hakuna cha kutuma kwa polisi wa Kenya.

Kama gari lina GPS, piga picha ya kioo cha simu kila linapohama, saa na mahali vionekane. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: kifaa kile kinatumia laini ya simu ya Tanzania, na kama laini haijaruhusiwa kutumika nje ya nchi, gari "litaganda" kwenye ramani hapo hapo mpakani ilhali lenyewe linaendelea kwenda Ukunda. Usimwambie mpelelezi kwamba gari limefichwa Horohoro. Mwambie ishara ilikatika Horohoro saa fulani. Tofauti ya maneno hayo inaamua kama msako utafanyika Mkinga au taarifa itatumwa Kwale. Mpigie mtoa huduma wa GPS usiku huohuo umwombe afungue huduma ya nje ya nchi.

Na usilifuate mwenyewe. Ukilikuta limeegeshwa mtaani Vanga ukaanza kugombana na aliyenalo, polisi wa Kenya wanamwona mgeni asiye na karatasi anayemvamia mtu mwenye funguo. Ukiwa upande ule, piga 999, eleza kwamba gari limeripotiwa Tanzania, taja RB, kisha kaa mbali.

Namba ndiyo kesi

Namba za usajili hubadilishwa kwa bisibisi na dakika tano. T inang'olewa, K inafungwa. Kwa hiyo polisi wa nchi mbili wakiulizana kuhusu gari, wanaulizana namba ya chasisi na namba ya injini. Ikikosewa herufi moja, mfumo utajibu kwamba gari hilo halijulikani, na askari wa barabarani aliyekuwa amelishika ataliachia kwa nia njema kabisa.

Namba ya chasisi ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, na kamwe haina herufi I, O wala Q. Ukiona O kwenye nakala yako, mtu amesoma vibaya sifuri. Makosa mengine ya kila siku ni 5 na S, 8 na B, 2 na Z. Pikipiki nyingi za bodaboda zina namba hizo 17. Za Bajaj zilizotengenezwa India huanza na MD2, za TVS na MD6. Kama yako ni Boxer ya Bajaj na nakala ya karani inaanza na ND2, imekosewa.

Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ambayo ndiyo yamejaa Tanga, ni habari nyingine. Hayana namba 17. Yana herufi na tarakimu chache za kutambulisha modeli, kistari, halafu tarakimu sita au saba, kwa mfano NZE121 kisha kistari na namba. Iandike yote, na modeli isiachwe. Mara nyingi mtu huandika zile tarakimu za mwisho peke yake, na tarakimu hizo zinaweza kuwa za magari mengi ya modeli tofauti.

Usinakili kutoka kichwani wala kutoka bima ya mwaka jana. Nakili kutoka kadi ya gari ya TRA. Kama kadi ilikuwa ndani ya gari, nenda TRA na kitambulisho chako pamoja na RB, uombe taarifa za umiliki zilizochapishwa. Kwa ambaye hajaibiwa bado, kuna kazi ya dakika kumi inayozidi nakala zote: tandaza karatasi nyembamba juu ya namba iliyogongwa kwenye chuma, sugua taratibu kwa ubapa wa ncha ya penseli mpaka tarakimu zitokee nyeupe, andika tarehe, weka ndani. Umbo la tarakimu za kiwandani, nafasi kati yake na mikwaruzo iliyozizunguka vitaonekana. Siku mtu akisema gari ni lake na chuma kimegongwa upya, karatasi hiyo itaonyesha namba za awali zilivyokaa.

Umiliki nao huvuruga mambo. Gari limenunuliwa kwa mkono, kadi bado ina jina la muuzaji wa kwanza aliyehamia Mwanza. Au bodaboda ni ya mkataba, kadi iko kwa tajiri. Kwa macho ya polisi wa Kenya mwenye gari ni aliyeandikwa kwenye kadi. Basi huyo ndiye atoe maelezo kituoni, au atoe maelezo ya ziada kwamba alikuuzia, yakiambatana na mkataba. Fanya hivyo wiki ya kwanza. Ukingoja mpaka gari likamatwe, utamtafuta muuzaji huku gari linanyeshewa uani kwa polisi.

Maelezo yenye uzito

Mpelelezi atakuandikia maelezo. Kama gari lilichukuliwa usiku bila wewe kujua, kazi ni nyepesi. Ugumu uko kwa aliyekodisha gari kwa siku mbili na mkodishaji hakurudi, au aliyemkabidhi dereva. Kituoni utaambiwa, na si bila sababu, kwamba hilo ni jambo la madai, nenda mahakamani mkadaiane. Ili lisimame kama wizi wa kuaminiwa, maelezo yaonyeshe kwamba mtu alipewa gari kwa kazi na muda maalumu, muda ukapita, akatakiwa kulirudisha, akakata mawasiliano au akalivusha bila ruhusa. Ambatisha mkataba, nakala ya kitambulisho chake, ujumbe wa simu na muamala wa malipo. Kama aliomba ruhusa ya kwenda Mombasa ukamkatalia kwa maandishi, ujumbe huo ni dhahabu.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa Interpol haishughulikii migogoro ya watu binafsi. Deni ambalo halijalipwa, mahari isiyorudishwa, wabia waliogombana, havipiti. Jalada likisomeka kama deni, litarudi.

Safari ya jalada

Watu husema "nitaripoti Interpol" kama vile kuna geti la kugonga. Interpol haina askari wanaokamata. Ni shirika la nchi wanachama 196, lilianza Vienna mwaka 1923, na makao yake makuu yako Lyon, Ufaransa. Kila nchi ina ofisi moja ya taifa iliyo ndani ya polisi wake. Ya Kenya iko Nairobi. Ofisi hizo huandikiana kupitia mtandao wao maalumu uitwao I-24/7, unaofanya kazi tangu 2003. Lyon hawapokei kesi ya mwananchi. Ukiwaandikia, utaambiwa uende kituo cha polisi cha kwenu.

Kwa hiyo njia ya jalada lako ni hii. Mpelelezi wa kituo anampelekea mkuu wa upelelezi wa wilaya. Kutoka hapo linakwenda kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, yaani RCO, kisha ofisi ya Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai, kisha dawati la Interpol Tanzania. Dawati linatuma Nairobi, Nairobi inashusha Kwale au Mombasa. Ngazi ni nyingi, na karatasi inaweza kulala kwenye yoyote. Kwa RCO ndipo pa kuulizia. Nenda na RB yako, usalimie, uombe namba ya kumbukumbu ya barua iliyotumwa na tarehe yake. Ukijibiwa "tumeshatuma" bila namba, rudi kesho kwa adabu ileile. Ukishaipata namba, yeyote utakayempigia anaweza kuitafuta barua yenyewe.

Wakati unaomba, taja mambo matatu kwa majina yake. La kwanza, gari liingizwe kwenye kanzidata ya Interpol ya magari yaliyoibwa, si kwenye orodha ya Tanzania peke yake. Anayeingiza ni polisi wa nchi lilikoibwa, kwa hiyo Kenya haiwezi kukufanyia hilo. Likishaingia, askari wa nchi mwanachama yeyote aliyeunganishwa akipiga namba ya chasisi litatokea, iwe Busia au Lubumbashi. La pili, ujumbe wa moja kwa moja kwenda Nairobi ukieleza gari linadhaniwa kuwa wapi. La tatu, ombi la kuhifadhi ushahidi, ambalo tutalirudia.

Sambamba na njia hiyo ndefu kuna fupi. Viongozi wa Tanga na Kwale hukutana kwenye vikao vya ujirani mwema, na makamanda wa pande mbili hujuana kwa simu. Horohoro na Lungalunga ni kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi pamoja. Taarifa kwamba gari fulani limeonekana limeegeshwa Lungalunga inaweza kufika kwa simu ndani ya dakika. Simu hiyo inasaidia kulizuia gari. Haitoshi kulirudisha wala kumfunga mtu, na polisi wanaoelewa kazi huifuatisha barua siku hiyohiyo.

Juu ya yote hayo kuna vyama vya wakuu wa polisi: EAPCCO wa Afrika Mashariki, ulioundwa 1998 na wenye sekretarieti Nairobi kwenye ofisi ya kanda ya Interpol, na SARPCCO wa kusini mwa Afrika, ulioundwa 1995, ofisi yake Harare. Tanzania imo kote kuwili. Hilo ni bahati kwa mwenye gari, maana magari ya wizi huzunguka pande zote mbili. Kuanzia 2013 vyama hivyo vimefanya operesheni za pamoja zilizopewa jina la Usalama, ambapo nchi nyingi hukagua magari barabarani kwa siku zilezile. Gari lililokwisha kuandikwa kwenye kanzidata linaweza kunaswa siku hizo hata kama kesi ilishasahaulika. Lisiloandikwa hupita.

Kumpata mtu

Gari ni chuma, hukamatwa popote. Mtu ana haki zake, na hapa ndipo haraka inapoharibu kesi nzuri.

Kinachohitajika kwanza ni hati ya kukamata iliyotolewa na mahakama ya Tanzania, kwa mfano Mahakama ya Hakimu Mkazi Tanga, juu ya kosa lililoandikwa wazi. RB si hati. Barua ya kamanda si hati. Mwulize mpelelezi kama ameshaiomba mahakamani.

Sheria ya Kenya ya kurejesha watuhumiwa, ile inayohusu nchi jirani na za kigeni, ina sehemu ya nchi zinazopakana nayo: hati ya mahakama ya Tanzania ikiidhinishwa na hakimu wa Kenya, mtu anakamatwa kwayo huko. Sheria yetu, Sura ya 368, nayo ina utaratibu wa kuidhinishiana hati. Njia hii ni nyepesi kuliko ile ya kupeleka ombi kwa mabalozi, na kwa kesi za Horohoro ndiyo ya kuulizia.

Sasa angalia saa. Katiba ya Kenya, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama saa hizo zinaishia siku isiyo ya mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Polisi wa Kwale wakimkamata mtu wako Jumanne jioni huku hati halisi bado iko kabatini Tanga, Jumatano hakimu atauliza karatasi, hazipo, mtu anapewa dhamana na hutamwona tena. Hati na maelezo ya mashahidi viwe tayari, halafu ndipo ombi la kukamata litumwe. Wengi hufanya kinyume kwa sababu wanaogopa mtu atahama. Heri ahame akiwa bado anatafutwa kuliko aachiwe na mahakama.

Kama hajulikani aliko kabisa, polisi wanaweza kuomba tangazo la rangi la Interpol. Jekundu ni la kumtafuta mtu ili akamatwe kwa lengo la kurejeshwa. La bluu ni la kutafuta taarifa zake na mahali alipo. Jekundu lina masharti: iwepo hati ya kukamata, na kosa liwe zito, kwa kawaida lenye adhabu inayoweza kufikia angalau miaka miwili jela. Kwa aliyekwisha kuhukumiwa akatoroka, iwe imebaki angalau miezi sita. Tangazo lenyewe halilazimishi nchi kukamata. Kila nchi hulipatia uzito kwa sheria zake. Ibara ya 3 ya katiba ya Interpol nayo inakataza kabisa mambo ya siasa, jeshi, dini na rangi.

Utawasikia watu, tena wengine wenye sare, wakisema kuna njia rahisi: wenzetu wamkamate, wamsukume usiku hadi kwenye mstari, sisi tumpokee. Kataa. Kesi ya Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari aliyehusishwa na mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam wa tarehe 7 Agosti 1998, inatosha kueleza kwa nini. Alikamatwa Cape Town 1999 akakabidhiwa Wamarekani bila utaratibu wa kurejeshwa. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema makabidhiano yale yalikuwa haramu, maana nchi ile haikuomba kwanza hakikisho kwamba hatanyongwa. New York alipata kifungo cha maisha badala ya kifo. Kama kesi ya ukubwa ule ilitikiswa na makabidhiano ya mkato, ya Noah iliyoibwa Ngamiani itapona vipi? Wakili wa mtuhumiwa atauliza swali moja tu: aliingiaje Tanzania?

Ushahidi ulioko ng'ambo

Polisi wa Kenya wanaweza kuwaambia wa Tanga kwamba namba fulani ya simu ilipokea hela Ukunda. Taarifa hiyo inaelekeza upelelezi. Ili isimame mahakamani Tanga kama kielelezo, inahitaji ombi rasmi la kusaidiana katika makosa ya jinai, chini ya Sura ya 254, nalo hupita kwa mamlaka za sheria za nchi mbili. Huchukua miezi. Wakati huo kamera ya kituo cha mafuta cha Lungalunga inafuta picha za zamani ili kurekodi mpya, mara nyingi ndani ya wiki chache au hata siku. Ndiyo maana ombi la kuhifadhi litangulie mwanzoni kabisa: msifute, tutaleta ombi kamili. Kazi yako ni kumpa mpelelezi orodha fupi ya nini kihifadhiwe, mahali gani na kati ya saa ngapi na ngapi. "Kamera zote za mpakani" haitekelezeki. "Kamera ya geti la kuingia Kenya, tarehe fulani, saa tano hadi saa nane usiku" inatekelezeka.

Usisahau rekodi za forodha. Wezi wengine huvusha gari mchana kweupe kwa kadi ya kughushi na barua ya ruhusa ya mwenye gari. Wakifanya hivyo wameacha jina, pasipoti na saa.

Mashine za boti

Kwa wavuvi wa Deep Sea, Kigombe au Moa, wizi wenyewe ni wa mashine. Inafunguliwa usiku, inapakiwa, alfajiri iko Vanga au Shimoni. Interpol ina kanzidata ya vyombo vya majini inayopokea pia injini, jambo ambalo wavuvi wengi hawajaambiwa. Tatizo ni namba. Kibati cha namba kwenye kishikio kinachobana ubao wa nyuma wa chombo hung'olewa kwa patasi. Injini nyingi zina namba hiyohiyo mahali pa pili, imegongwa kwenye kisahani kidogo cha chuma kilichopachikwa kwenye bloku. Fungua kifuniko, kitafute, kipige picha leo. Tunza risiti ya duka. Kuchonga jina lako kwenye plastiki hakusaidii kitu. Kifuniko hubadilishwa kwanza.

Anapopotea mtu

Binti akiahidiwa kazi ya ndani Mombasa na simu ikazimwa, usisubiri saa 24 wala wiki. Ripoti siku hiyohiyo, na taja neno usafirishaji haramu wa binadamu. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2008. Peleka picha ya karibuni isiyochujwa na programu za urembo, namba zote za simu alizowasiliana nazo, jina la basi na siku aliyopanda. Kwa aliyepotea Interpol hutumia tangazo la manjano, hasa kwa watoto. Hapo hakuna hati ya kukamata inayosubiriwa, kwa hiyo hakuna sababu ya jalada kukaa.

Matapeli wa hatua ya pili

Ukishaweka tangazo la gari kwenye makundi ya WhatsApp, utapigiwa na "ofisa wa Interpol" anayetaka laki mbili za mafuta ili alisindikize gari hadi mpakani. Interpol haiombi pesa kwa mwananchi. Muulize namba ya kumbukumbu ya barua, hataijua. Namba yake mpe mpelelezi, na ujumbe wake upeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Gari likipatikana

Nairobi itaijibu Dar es Salaam, utaitwa. Gari hapo ni kielelezo katika kesi ya Kenya, na halitoki kwa kuonyesha kadi peke yake. Nenda na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, kadi halisi, RB, barua ya RCO inayotaja namba ya kumbukumbu, na ufunguo wa akiba. Ufunguo unaozungusha swichi mbele ya askari ni ushahidi ambao karatasi haiushindi. Ombi linapelekwa mahakamani kwamba gari lipigwe picha na kukaguliwa na mtaalamu, kisha ukabidhiwe wakati kesi inaendelea. Lisipoombwa mapema litakaa uani kwa polisi hadi hukumu, na uani mwa polisi, nchi yoyote ile, betri na redio hazina subira.

Kabla ya kusaini, kagua na uandike kila kilichopungua. Kama una bima kubwa na kampuni ilishakulipa, gari si lako tena. Kampuni ndiyo itume mtu. Bima ndogo hailipi wizi, kwa hiyo hapo huna wa kugombania naye. Kurudi Horohoro utahitaji hati ya makabidhiano ya polisi wa Kenya na amri ya mahakama, kwa sababu forodha za pande mbili zitauliza gari lilivukaje bila karatasi. Beba nakala tatu za kila kitu.

Bado kuna jambo moja, na wengi huliruka kwa furaha ya kurudishiwa. Gari lako bado limeandikwa kuwa la wizi kwenye kanzidata. Nenda kwa RCO na hati ya makabidhiano, uombe kwa maandishi liondolewe, kwenye orodha ya Tanzania na kwenye ya Interpol, na upewe nakala ya uthibitisho. Iweke kwenye droo ya gari. Usipofanya hivyo, siku utakapokwenda harusini Mombasa na familia, askari wa Lungalunga atapiga namba ya chasisi, itamjibu, na atakayeshushwa garini ni wewe.